Picha Haijafika

Sehemu ya Nne

TAMKO RASMI. Mimi, Kalisti Ndaki, mwanafunzi wa kidato cha tano, mkazi wa muda wa kata ya Nyasubi mjini Kahama, kiranja wa chakula mstaafu, nikiwa na akili timamu na bila kushinikizwa na mtu yeyote, natamka mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili kwamba sihusiki kwa namna yoyote na mwanga uliompiga shemeji yangu Sostenes usoni jioni ya Jumatatu.

Tamko hili nimeliandikia chooni. Kwa dada Lusia hicho ndicho chumba pekee chenye komeo. Na niliposema nimestaafu ukiranja, nilimaanisha nilivuliwa.

Tuendelee. Kwa aliyefungiwa maandazi kwa gazeti la juzi kabla hajalisoma, mambo yako hivi.

Sostenes, mume wa dada yangu, anaendesha Kosta ya kampuni moja inayopeleka wafanyakazi mgodini, kule mbele ya Runzewe. Ana maonyo mawili. La kwanza, aliegesha gari kwa kuingiza pua kwanza, wakati sheria ya mgodi inataka urudi kinyumenyume. La pili, alikutwa akizungumza na simu huku anaendesha. Alikuwa akimweleza dada Lusia kwamba hawezi kuzungumza kwa sababu anaendesha.

Onyo la tatu ni kufukuzwa kazi. Dada Lusia ana mimba ya miezi minane.

Jumatatu, saa moja kasoro robo jioni, akirudi Kahama na gari tupu, mwendo wa themanini penye kibao cha hamsini, mwanga mweupe ulimpiga kutoka juu ya nguzo ya bango la zamani. Alipotupa macho juu akaona kitu cha kijivu chenye jicho moja. Madereva wa njia ile wamezoea askari mwenye tochi ya kupimia mwendo, aliyejibanza nyuma ya mti. Huyo utasimama, utashuka, utamwamkia, mtazungumza. Nguzo haizungumzi.

Tangu hapo Sostenes anasubiri kujua kama ile picha italeta kosa. Na katika sehemu iliyopita tulimwacha Jumatano asubuhi, kikombe cha uji mkononi, simu inaita, na kwenye kioo chake limetokea jina la Fredy, ofisa usalama wa kampuni.

Simu iliita mara nne.

"Pokea," dada Lusia alisema.

"Nimekufa."

"Pokea kwanza, utakufa baadaye. Uji unapoa."

Alipokea. Vidole vilikuwa vinabonyeza kila kitu, kwa hiyo sauti ikatoka kubwa na sote tukasikia.

"Sostenes, gari lako lina tatizo," Fredy alisema.

Uji ulimmwagikia mapajani. Hata hakuusikia.

"Tatizo gani, bosi?"

"Mtungi wa kuzimia moto umepitwa na muda. Ubadilishe kabla ya kesho."

Sostenes alianza kucheka. Alicheka muda mrefu mpaka Fredy akamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama kabisa, bosi."

"Vizuri. Jambo lingine. Ijumaa saa nne naingiza namba za magari yote kwenye mtandao kuangalia makosa ya barabarani. Mwenye lolote aje aseme mapema. Anayesema mwenyewe anapata onyo tu. Nitakayemkuta mimi, tunaagana."

Kicheko kilikatika.

"Na mwenye maonyo mawili tayari, akija kusema mwenyewe?"

"Kwani wewe una la kusema?"

"Nauliza kwa niaba ya mwenzangu."

"Basi mwambie mwenzako la tatu ni la tatu."

Simu ilikatwa. Sostenes aliitazama suruali yake kama mtu anayejiuliza ni nani aliyemvisha uji.

*

Nusu saa baadaye tulikuwa dukani kwa Abdu.

Abdu anauza madaftari na kupiga picha za pasipoti. Pia ana kompyuta moja, na huko ndiko madereva wa Nyasubi huenda kuangaliziwa kama gari lina kosa. Unataja namba ya gari, Abdu anabonyeza, unapona au unaanguka.

Sostenes alimnong'oneza namba kama anaungama kwa padri.

"Safi," Abdu alisema. "Hakuna kitu."

Shemeji alishika kaunta kwa mikono miwili, akafumba macho. Midomo yake ilitikisika. Nadhani alikuwa anaahidi mambo.

"Lilikuwa la lini hilo kosa?" Abdu aliuliza.

"Jumatatu jioni. Ile kamera ya kwenye nguzo."

"Aah." Tabasamu la Abdu lilizimika. "Leo ni Jumatano tu, ndugu yangu. Makosa ya askari huingia papo hapo. Ya nguzo sijui yanakawia kiasi gani. Ni kitu kipya, bado hatujakizoea."

"Umeiona?"

"Nani hajaiona? Iko kwenye kundi la madereva."

Akatuonyesha simu yake. Picha ya kitu cha kijivu juu ya nguzo, imepigwa kwa mbali kupitia kioo cha lori, na chini yake maelezo yasiyokwisha. Mmoja aliandika kwamba inaona hata kama hujafunga mkanda. Mwingine aliandika kwamba picha zake zinakwenda kwanza Dodoma. Wa tatu alituma sauti ya dakika mbili, akisema shemeji yake ana rafiki aliyeambiwa kwamba inajua mpaka abiria gani amelala.

Sostenes aliisikiliza sauti hiyo mara mbili.

"Na uso wa dereva?" aliuliza. "Inachukua uso?"

Alimuuliza Abdu. Nikajibu mimi.

"Haichukui. Kioo cha mbele kinarudisha mwanga. Itatoka namba ya gari tu, uso hauonekani. Tumesoma kwenye fizikia."

Nilisema kwa sauti ya mwalimu anayefunga kipindi. Abdu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Sostenes alinitazama kwa muda mrefu, na kitu fulani kikaanza kutembea nyuma ya macho yake. Nilidhani ni nafuu.

Usiku huo dada alipika kuku. Nyumba yoyote ya kwetu inajua firigisi ni ya nani: ni ya mwenye nyumba, na mtoto anayeigusa atasimuliwa mpaka azeeke. Sostenes aliichukua kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu.

"Kula wewe, shemeji. Mimi haipiti kooni."

Ni mtu huyu huyu ambaye mpaka Jumatatu asubuhi alikuwa ananiita mzigo wa bweni. Ni yeye aliyewasimulia majirani wote jinsi nilivyovuliwa ukiranja, akiongeza chumvi kila nyumba. Ni yeye aliyekuwa anajipiga kifua kwamba hakuna tochi kati ya Tinde na Geita asiyoijua kwa jina. Sasa alikuwa ananiuliza, kwa adabu, kama fizikia ile ilikuwa ya uhakika.

Nilitafuna taratibu. Ilikuwa laini.

*

Sasa lazima nimlete mtu ambaye mpaka leo mmemsikia tu akikoroma.

Jumatatu ile, kwenye kiti cha nyuma cha Kosta, alikuwa amelala mzee Makoye. Kosta ina madereva wawili, na hubadilishana Runzewe. Siku hiyo Makoye aliendesha kutoka mgodini mpaka Runzewe, akamkabidhi Sostenes usukani, akajinyoosha nyuma. Hakuona mwanga wala nguzo.

Mzee Makoye ni mtu wa Tinde. Ana miaka thelathini barabarani na hana onyo hata moja. Ndiye aliyemfundisha Sostenes kuendesha, kwenye lori la pamba, bila kumdai chochote. Kitu kimoja tu kinamshinda, nacho ni kusoma. Ameweza jina lake, basi.

Kwa hiyo wawili hao wana utaratibu wao. Kampuni inataka kila safari iandikwe kwenye kitabu: nani aliendesha, kutoka wapi mpaka wapi. Kila Jumatatu asubuhi Makoye husaini mistari yake yote ya wiki ikiwa mitupu. Alhamisi jioni Sostenes huijaza. Ni miaka sita sasa, na haijawahi kuleta neno.

Tangu nije likizo, mjazaji nimekuwa mimi. Mwandiko wa bweni umenyooka.

Alhamisi saa kumi na moja jioni tuliketi sebuleni, kitabu mezani. Dada Lusia alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo.

"Jumatatu," Sostenes alisema. "Mgodini mpaka Runzewe."

"Makoye," nikasema, kalamu tayari.

"Andika kwenye mstari wangu."

Nilinyanyua macho.

"Tulibadilishana," alisema.

"Si ulisema wewe ndiye uliyekuwa..."

"Andika, shemeji."

Niliandika.

"Runzewe mpaka Kahama." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huo uweke kwenye mstari wa mzee."

Mstari wa mzee ulikuwa mtupu, isipokuwa pale mwisho, ambapo jina MAKOYE lilisimama kwa herufi kubwa, kila moja imesimikwa kwa nguvu kama mti wa zizi.

Mkono wa dada Lusia ulisimama juu ya ungo. Nikasubiri aseme kitu. Akaokota kijiwe, akakitupa nje, akaendelea kuchambua.

"Mzee hana onyo," Sostenes aliuambia ukuta. "La kwanza halimuumizi mtu. Ni karatasi tu. Mimi nikipata langu, huyu mtoto atazaliwa tukiwa barabarani."

"Na mzee akikataa?"

"Hatakataa. Nitazungumza naye leo leo. Mimi ni kama mwanawe."

Hakuzungumza naye.

Nami niliandika. Nilijua, samahani, nilihisi tu, kwamba picha haitakuja. Na mstari ambao hakuna atakayeusoma, nikajiambia, haumdhuru mtu. Niliandika vizuri kuliko siku zote. Hata nikapiga mstari chini kwa rula.

Kosa langu lilikuwa moja: sikujua kwamba Sostenes hana subira ya kungoja picha.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ya dada iliita. Shemeji alikuwa ofisini na "alikuwa amesahau" kitabu cha safari nyumbani. Nimpelekee mbio.

Hakukisahau. Alikuwa ameona aibu ya kukibeba mwenyewe.

Ofisi ya kampuni iko palepale Nyasubi, chumba kimoja chenye mabango ya usalama ukutani na mtungi mpya wa kuzimia moto, mwekundu, wenye tarehe nzuri. Fredy, kijana mwenye simu mbili na kalamu za rangi nne, alipokea kitabu akaniambia nikae kwenye benchi la mlangoni. Sostenes alikuwa amesimama pembeni. Hakunitazama.

Mzee Makoye aliingia na kizibao chake cha kung'aa, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," Fredy alisema.

"Marahaba, bosi."

"Kaa. Ni jambo dogo tu. Jumatatu jioni gari limepigwa picha kwa mwendo kasi, pale kwenye kamera mpya. Sostenes amekuja kutoa taarifa mapema, kwa niaba yako. Amekusaidia sana."

Makoye alimgeukia Sostenes. "Umenisaidia?"

"Ni onyo tu, mzee," Sostenes alisema.

"Jumatatu nilikuwa nimelala."

Fredy alifungua kitabu akakigeuza. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Basi mstari huu unasema uliendesha kutoka Runzewe mpaka Kahama."

"Sahihi yangu inakubali lolote litakaloandikwa mbele yake," Makoye alisema. "Mimi ndiye nakataa."

Fredy alikuna kichwa. Haki yake aipate, hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti karibu na mzee, akashusha sauti kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Mzee, nisikilize. Ukikubali, ni onyo la kwanza. Nalifunga kwenye faili, unakwenda kuendesha gari. Ukikana wakati kitabu kinasema vingine, hapo si mwendo tena. Umedanganya kampuni. Kampuni inasamehe mwendo, haisamehe uongo."

"Hata mimi siusamehe."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Yaya," Makoye alisema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa lugha ya ofisi. "Hapana."

"Mzee, kubali tu," Sostenes alisema. "Nakuomba."

Makoye alimtazama kwa muda. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama dereva anavyosikiliza injini yenye mlio mpya, akitafuta unatokea wapi. Nadhani aliupata, kwa sababu aligeuza uso na hakumtazama tena.

Sostenes alibaki anasoma tarehe ya mtungi wa kuzimia moto.

Ilichukua dakika kumi. Mzee alivua kizibao, akakikunja mara nne, akakiweka mezani na kitambulisho juu yake. Fredy alimpa karatasi asaini. Kwa mara ya kwanza maishani Makoye aliomba asomewe kwanza. Ilikuwa karatasi ya kufukuzwa kwake.

Alipomaliza kusaini aliuliza, "Hiyo picha yenyewe iko wapi?"

"Haijafika."

"Ikifika itaonyesha nani anaendesha?"

"Namba ya gari tu, mzee. Uso hauonekani. Kioo kinarudisha mwanga."

Fizikia yangu ilikuwa imefika mpaka ofisini.

"Basi nitakwenda kuiuliza kamera," Makoye alisema. Fredy alitabasamu, akidhani ni utani.

Mlangoni mzee alisimama mbele ya benchi langu. Nikamwamkia. Akaitikia kama kawaida, akanishika bega.

"Ule mwandiko ni wako, ng'wanawane?" Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nije, mwanangu. "Siwezi kuusoma. Lakini ni mzuri. Umenyooka kama reli."

Akaenda zake.

Saa nne kamili Fredy aliingiza namba ya Kosta kwenye mtandao. Nilikuwa bado kwenye lile benchi.

"Safi," Fredy alisema. "Hakuna kosa lolote."

Sostenes alishika meza. "Kwa hiyo mzee anarudi?"

"Arudi wapi? Hakufukuzwa kwa mwendo. Amefukuzwa kwa uongo." Fredy alichagua kalamu ya kijani. "Ila wewe umekuwa mkweli, umekuja mwenyewe kabla hujaitwa. Watu kama wewe ndio tunawataka. Nakufutia onyo moja."

*

Jumapili, baada ya misa, dada alichinja kuku mwingine.

Shemeji alikuwa amerudi kuwa mwenye nyumba. Redio juu, miguu juu ya stuli. Aliniita mzigo wa bweni mara tatu kabla ya saa sita. Firigisi ilirudi kwenye sahani yake. Dada Lusia peke yake ndiye hakuwa anakula. Alikuwa anahamisha wali kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine.

"Hodi humu."

Sauti tuliijua. Sostenes alizima redio.

"Karibu, baba," dada alisema, macho chini. "Karibu chakula."

"Ahsante, mama. Nimeshiba."

Mzee Makoye aliingia na mfuko wa sandarusi. Suruali yake ilikuwa imechanika goti moja. Aliketi bila kuharakisha, akaweka mfuko kati ya miguu yake.

"Mzee," Sostenes alianza, "nilikuwa nataka nije kwako..."

"Jana nimepanda ile nguzo," Makoye alisema. "Kwa umri huu. Nimeazima ngazi kwa fundi wa paa, na bado nimeteleza. Kamera yenyewe hii."

Akaitoa, akaiweka mezani, pembeni ya bakuli la mchuzi.

Ilikuwa ndoo ndogo ya kuogea, imepakwa rangi ya kijivu. Mdomoni ilikuwa imebandikwa kitako cha chupa ya soda. Juu ya kitako, flashi ya kamera ya zamani, ya aina wanayotupa wapiga picha. Nyuma ulining'inia waya mrefu wenye kitufe cha kengele ya mlangoni.

Bakuli lilikuwa linatoa mvuke.

"Ndoo," Sostenes alisema mwishowe.

"Ndoo," mzee aliafiki.

Nilimwona shemeji akirudi nyuma kichwani mwake, hatua moja moja, mpaka Jumatatu. Hakukuwa na kamera, kwa hiyo hakukuwa na picha wala kosa. Angekaa tu nyumbani anywe uji wake, mpaka leo wangekuwa wawili kwenye ile Kosta. Kipande cha firigisi kilikuwa mkononi, kimefika nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Alikirudisha kwenye sahani.

"Rangi inatoka kwa mafuta ya taa," Makoye aliendelea. "Nimeisugua huku chini. Kuna maandishi, yamechomwa kwa msumari wa moto. Mimi kusoma kunanishinda, mnajua." Aliisukuma ndoo mbele yangu. "Ng'wanawane, wewe una macho mazuri. Nisomee."

Wasomaji mliosoma bweni, hapa hamhitaji maelezo. Kwa wengine: bwenini ndoo isiyo na jina hailali usiku mmoja kwa mwenyewe. Jina la rangi wezi hulifuta. Kwa hiyo unapasha msumari kwenye jiko la kuni la wapishi, unachoma jina na namba yako ya shule mpaka viingie ndani ya plastiki, na hakuna mtu atakayevitoa tena. Mwenyewe pia hawezi.

"Yamefutika, babu," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Hayasomeki."

"Herufi nakuachia." Aliweka kidole chake kinene juu ya plastiki. "Ila namba nazijua. Miaka thelathini nasoma vibao vya mwendo. Hii ni mbili. Hii moja. Hii nne. Nikajiuliza, hizi nimeziona wapi? Nikakumbuka siku uliyofika kutoka shule. Nilikuja na Kosta kukupokea stendi, nikalibeba tranka lako kifuani mpaka garini, ukasema ni zito kwa mzee, nikasema hapana. Mbili, moja, nne. Zilikuwa hapa, mbele ya pua yangu."

"Kalisti," dada Lusia alisema.

Sikuwa na mahali pa kutazama. Nikaitazama ndoo, ikanitazama kwa kitako chake cha chupa.

"K. Ndaki," nikasoma. "Mia mbili kumi na nne."

"Endelea," mzee alisema, ingawa hakukuwa na maandishi mengine.

Nikaendelea. Nilisema ni mimi. Nilijilaza kwenye nyasi kando ya barabara, waya mkononi, nikaisubiri Kosta, nikabonyeza, kisha nikapanda bodaboda nikafika nyumbani kabla yake, wakati yeye anarudisha Kosta ofisini. Nilitaka nimcheke jioni moja tu, nimwambie wakati wa chakula. Lakini alipoingia amepauka, akaniuliza mimi, mzigo wa bweni, afanye nini, nikaona utamu. Jumanne ukawa utamu zaidi. Jumatano nilikula firigisi. Nguzoni madereva wote walikuwa wameanza kupunguza mwendo, nikajiambia nimelisaidia taifa. Alhamisi niliandika. Ijumaa nilikaa kwenye benchi na mdomo wangu ninao.

Sostenes aliinuka. Nilidhani atanipiga, ningeshukuru. Mzee aliinua kiganja, naye akakaa.

"Sitaki apigwe," Makoye alisema. "Nataka aandike." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa na kalamu. "Andika ulivyosema, kwa ule mwandiko wako. Kesho saa mbili tunaipeleka kwa Fredy. Safari hii nitasaini baada ya kusomewa."

Niliandika. Mwanga, ndoo, waya, nyasi, vyote vilikwenda haraka. Nikafika kwenye kitabu cha safari. *Mstari wa Runzewe mpaka Kahama niliuandika mimi kwa mkono wangu, nikiwa nimeambiwa na*

"Shemeji," Sostenes alisema.

Hilo tu. Macho yake yalikuwa kwenye tumbo la dada yangu, ili yangu nayo yaende huko.

"Mbona kalamu imesimama?" mzee aliuliza.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Na humu ndimo nilimo, wapendwa wasomaji, komeo limefungwa. Lile tamko mlilosoma mwanzoni nimeliandika dakika chache zilizopita, nyuma ya karatasi hii hii ya mzee Makoye, nikitumaini gazeti litalichapisha na mimi nitaamini. Ni la uongo kuanzia neno la kwanza, isipokuwa choo. Sehemu zote tatu nimewaambia kwamba Jumatatu ile nilikuwa chumbani nikisoma jiografia. Sikufungua hata daftari. Nilikuwa kwenye nyasi, kidole juu ya kitufe, nikicheka peke yangu.

Mlangoni kuna watu wawili. Mmoja ameinamia tundu la komeo, ananong'ona kwamba niandike jina lolote, hata la kwangu, mradi si la kwake.

Mwingine ameketi mbali kidogo. Namsikia akimuuliza dada Lusia kama maumivu yaliyomshika sasa hivi ni ya kawaida, na kama kuna mtu ndani ya nyumba hii anayeweza kuendesha gari bila mikono kutetemeka.